Kwa nini Morocco asiye Mwislamu anaishia mlangoni mwa msikiti, Tunisia anaingia mpaka uani?

#1 Mgosi wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Desemba 2025 nilikuwa kwenye msafara wa walioifuata Stars Morocco. Mechi ya Nigeria ilichezwa Fes, nasi tukasema haiwezekani kufika Fes ukaondoka bila kuingia mji mkongwe. Tukapita lango la kale la Bab Bou Jeloud, tukazama kwenye vichochoro. Magari hakuna kabisa, mizigo inabebwa na punda, na mwenye punda akipiga kelele "balak!" unabana ukutani upesi.

Tukafika Qarawiyyin. Msikiti wenyewe umezungukwa na maduka kiasi kwamba hujui umefika mpaka uone mlango. Mlango uko wazi. Ndani naona ua wa vigae, chemchemi katikati, nguzo nyeupe zimevishwa mikeka kwa chini. Bawabu akamwangalia mwenzangu wa Temeke aliyevaa barakashia, wakasalimiana, akampisha. Mimi nikaulizwa, "Muslim?" Nikasema hapana. Akatabasamu, akanionyesha kwa mkono: hapo hapo ulipo, piga picha ukitaka. Hakunifokea wala nini.

Sina kinyongo. Ila tuliporudi juu tukaingia Bou Inania, chuo cha dini cha karne ya 14, kina mihrabu na mnara wake, nikakata tiketi nikaingia. Casablanca, Msikiti wa Hassan II, tiketi, nikaingia mpaka chini kwenye ukumbi wa kutawadhia. Dada yangu amewahi kwenda Kairouan, Tunisia, akaingia uani. Cairo watalii wanazurura Ibn Tulun kama kwao. Sasa sheria ni ipi, na nani aliiweka?

#2 Kiberenge
Umetumwa kushangilia Stars, wewe unachungulia misikiti. Ndiyo maana tukapigwa 2-1.

#3 Mwalimu wa Zamu
Jibu la vitabuni ni Lyautey. Mkataba wa Fes ulitiwa saini 30 Machi 1912, Ufaransa ikachukua Morocco kama nchi lindwa, na Hubert Lyautey akawa mkuu wa utawala ule mpaka 1925. Ndiye anayetajwa kuwa alipiga marufuku Wazungu kuingia misikitini.

Sababu yake ni Algeria, alikofanya kazi kabla. Kule Wafaransa waliuchukua Msikiti wa Ketchaoua mjini Algiers, wakaufanya kanisa mwaka 1832. Ulirudi kuwa msikiti 1962, baada ya uhuru. Chuki ya jambo kama lile haifutiki. Lyautey akaona kwa Morocco njia rahisi ya kutawala ni kutoigusa dini. Ndiyo maana hata mji mpya wa Fes aliuweka kando, mji mkongwe ukaachwa ulivyo, na makao makuu ya nchi yakahamia Rabat. Kwa hiyo Mgosi, aliyekuzuia mlangoni ni Mfaransa aliyekufa zamani.

#4 Mgosi wa Chumbageni
Mwalimu, ahsante. Hii nilikuwa siijui.

#5 Kamba ya Nanga
Mwalimu wa Zamu umeanzia katikati ya hadithi. Lyautey aliandika tu kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho siku nyingi. Charles de Foucauld alizunguka Morocco 1883 hadi 1884 akiwa amejifanya Myahudi, kwa sababu Mkristo wa Ulaya hakuwa na uhuru wa kutembea bara yake. Kabla yake René Caillié, 1828, alitoka Timbuktu akaibukia Tangier kwa kujifanya Mwislamu. Hao hawakuwa wanaogopa amri ya Mfaransa yeyote.

Mtu akipita Fes leo aende kwenye kaburi la Moulay Idris II, mfalme wa kale wa Fes. Kwenye vichochoro vinavyoelekea pale kuna boriti ya mbao imewekwa kukingama njia, mtu mzima anainama kupita. Ile ndiyo mpaka wa eneo takatifu. Zamani asiye Mwislamu hakuvuka, na nyumbu pia hakuvuka. Mtu aliyekimbia deni au kesi akiingia ndani ya mpaka ule hakamatwi. Sasa niambie hiyo nayo kaianzisha Lyautey?

Halafu Mgosi, Bab Bou Jeloud si lango la kale. Lile la matao matatu, bluu upande wa nje na kijani upande wa ndani, limejengwa 1913. La zamani ni dogo, liko pembeni yake, watu wanalipita bila kuliona.

#6 Kiberenge
Kumbe picha zote zile za "nimesimama kwenye lango la miaka elfu" ni lango la mwaka 1913 😂

#7 Mwana wa Kuze
Nyinyi mwazungumza siasa, jambo lenyewe ni la fikihi, yaani sheria za dini. Watu wa Maghribi, hizo nchi za Morocco na jirani zake, ni wa madhehebu ya Maliki. Kwa Imamu Malik, asiye Mwislamu haingii msikitini ila kwa dharura, kama fundi anayetengeneza kitu. Sisi wa pwani hii ni Shafi: kwetu msikiti wowote usiokuwa Haram ya Makka yuwaweza kuingia akiruhusiwa na Mwislamu. Hanafi ni wapana zaidi, na Misri na Uturuki zilitawaliwa kwa Uhanafi miaka mingi. Na dalili ziko: Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume kabla hajasilimu, na wajumbe wa Kikristo wa Najran walipokewa msikitini Madina.

Kwa hivyo Lyautey hakuzua, wala bawabu wa Fes hana ubaya. Yuafuata madhehebu yake.

#8 Mama Wawili
Mwana wa Kuze, nakuheshimu, ila hapo umejifunga mwenyewe. Tunisia ni nani? Maliki pia! Tena Kairouan ndiyo mji wa Imamu Sahnun, aliyeikusanya Mudawwana, kitabu kikubwa cha Wamaliki. Kama ni madhehebu, hapo ndipo pangefungwa kwanza.

Mimi nimefika Kairouan, nasoma Sfax huku huku Tunisia. Mtalii anaingia uani, ukumbi wa kusalia anautazama kutoka milangoni. Na ua ule peke yake unatosha. Sakafu ya marumaru imewekwa mteremko mdogo ambao hata huusikii ukitembea, maji ya mvua yanakusanyika katikati, yanapita kwenye tundu lililochongwa vijiko vijiko ili uchafu ubaki juu, yanashuka kwenye birika chini ya ardhi. Midomo ya visima ni vitako vya nguzo za Kirumi vilivyotobolewa. Pitisha kidole ndani ya ukingo utakuta mifereji imelika, hiyo ni kazi ya kamba za ndoo kwa karne na karne. Nguzo za ukumbini nazo zimeokotwa kwenye magofu ya Kirumi na Kibizanti, hakuna mbili zinazofanana sawasawa. Mji ulianzishwa na Uqba bin Nafi mwaka 670, ingawa msikiti unaouona leo kwa sehemu kubwa ni wa karne ya 9.

#9 Mwana wa Kuze
Dada, umesema mwenyewe: uani. Ukumbini haingii. Basi Tunisia wamechora mstari ndani ya mlango, Morocco wameuchora nje. Fikihi ni ile ile.

#10 Mama Wawili
Na Hassan II je? Mgosi kaingia ukumbini kabisa.

#11 Mwana wa Kuze
Hiyo waulizeni Wamorocco 😀

#12 Jahazi la Mkunazini
Natembeza wageni Zanzibar, nitasema la kwangu. Nyinyi wote mmeruka jambo la karibu: tabia ya wageni. Nimepeleka watu msikiti wa Kizimkazi, ule wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Mwenyeji katukaribisha vizuri, kawapa mitandio. Mmoja akataka apigwe picha amekaa ndani ya mihrabu, miguu ameinyoosha kibla. Yule mzee hakusema neno, ila safari iliyofuata nilikuta kufuli.

Mali pia, Msikiti Mkuu wa Djenné, ule wa udongo, wageni walikuwa wanaingia. Mwaka 1996 jarida moja la mitindo la Ufaransa likapigia humo picha za wanamitindo waliovaa nusu uchi. Toka hapo mlango ukafungwa kwa wasio Waislamu. Nao ni Maliki vile vile, na walikuwa wanafungua! Kwa hiyo sheria ya kitabuni ipo, ila anayeitia nguvu ni mgeni mwenyewe kwa vituko vyake.

#13 Kamba ya Nanga
Djenné ni mfano mzuri. Lakini Fes hakukuwa na wanamitindo mwaka 1883.

#14 Jahazi la Mkunazini
Kulikuwa na wapelelezi. Huyo Foucauld wako alikuwa afisa wa jeshi la Ufaransa kabla ya kuanza safari, na alirudi na ramani. Mimi pia ningefunga.

#15 Kamba ya Nanga
Hapo umenipata.

#16 Binti Matrah
Nawasoma kutoka Muscat. Huku Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, asiye Mwislamu anaingia asubuhi isipokuwa Ijumaa, mwanamke ajifunike nywele. Watu wanakanyaga pembeni ya zulia kubwa kwenye njia iliyowekwa. Nadhani misikiti mipya mikubwa ya kitaifa inajengwa tangu mwanzo ikiwa na mgeni akilini. Hassan II ni hivyo hivyo. Qarawiyyin ni msikiti wa mtaa wa watu, wanaingia kusali wakitoka dukani.

#17 Mwalimu wa Zamu
Binti Matrah kagusa penyewe. Hassan II ulikamilika 1993, mchoraji ni Mfaransa Michel Pinseau, mnara wa mita 210, na ndani wanaenea watu 25,000. Pesa nyingi zilitokana na michango ya wananchi. Mkubwa kiasi kile unahitaji fedha za kuutunza, umekaa juu ya bahari, chumvi inakula zege. Tiketi ya mtalii si jambo dogo.

#18 Kiberenge
Kwa hiyo jibu ni pesa. Tungeokoa muda tungeanzia hapo.

#19 Mwalimu wa Zamu
Ingekuwa pesa tu, Koutoubia pale Marrakech wangekata tiketi kesho asubuhi. Mnara wa karne ya 12, mita 77, kila mtalii anaupiga picha. Umefungwa kwa wasio Waislamu mpaka leo.

#20 Ukhti wa Magomeni
Jamani, mnaongea kama vile Mwislamu anaingia tu. Mimi ni Mwislamu na Koutoubia nimekuta kufuli. Misikiti mingi ya kule inafunguliwa wakati wa sala, ikiisha watu wanatolewa, mlango unafungwa. Siyo kama kwetu mtu anajinyoosha barazani toka adhuhuri mpaka alasiri. Nilipofika wakati wa sala, mlango wa wanawake uko pembeni, mdogo, nikaulizwa naenda wapi. Nikajibu kwa salamu na mtandio ninao kichwani, yule mama bado akaniangalia. Binti wa Kimorocco nyuma yangu hakuulizwa. Nilipoingia, bibi mmoja akanisogezea nafasi kwenye safu akanishika mkono, basi nikasahau.

Kwa wasio Waislamu wanaokwenda Marrakech: ingieni chuo cha Ben Youssef. Kuna plasta iliyochongwa, mbao za mierezi na vigae, vitu vile vile mnavyovikosa misikitini, na mnakaa muda mnaotaka. Vyumba vya wanafunzi ghorofani ni vidogo, nilimpima mume wangu kwa kumsimamisha katikati, akagusa kuta zote mbili. Hiki na Bou Inania vimefunguliwa kwa kuwa vilikuwa vyuo.

#21 Kamba ya Nanga
Ukhti, Bou Inania inachanganya hoja hiyo. Ni chuo na ni msikiti wa Ijumaa pia, ndiyo maana ina mnara, jambo ambalo vyuo vingi vya wakati ule havina. Sala inaendelea mpaka leo. Mtalii anasimama uani, ule ukumbi wa sala ng'ambo ya kijito hakanyagi.

#22 Mgosi wa Chumbageni
Kweli, kijito nilikiona. Nilidhani ni mfereji wa mapambo.

#23 Mwana wa Kuze
Basi ni uani tena! Nimesema mimi.

#24 Profesa Mtaa
Mleta uzi hajui hata alipokuwa amesimama. Qarawiyyin ni chuo kikuu cha kwanza duniani, kilijengwa na mwanamke Mwafrika, Fatima al-Fihri, mwaka 859, kabla Oxford haijaota. Guinness, wale wa rekodi za dunia, wanakitambua. Watoto wetu hawafundishwi haya.

#25 Mwalimu wa Zamu
Taratibu Profesa. Guinness wanakitambua kweli kama taasisi kongwe ya elimu ambayo haijawahi kusimama. Lakini kilianza kama msikiti, masomo yakakua ndani yake, na kwenye taratibu za kisasa za vyuo vikuu kiliingizwa 1963. Zaytuna ya Tunis ni msikiti mkongwe zaidi, na wa kule nao wana madai yao.

Fatima naye: anayetusimulia habari zake ni Ibn Abi Zar, aliyeandika karne ya 14, takriban miaka 500 baadaye. Na karne ya 20 mafundi waliokuwa wanaukarabati msikiti walikuta ubao wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, unaomtaja Dawud bin Idris, mtoto wa Moulay Idris II, kuwa ndiye mjenzi, mwaka 263 Hijria, yaani 877.

#26 Profesa Mtaa
Siku zote mwanamke akifanya jambo linatafutwa jina la mwanamume. Mtoto wa mfalme kubandika ubao wake kwenye jengo la mtu mwingine ni ajabu? Viongozi wetu wanazindua vyoo vya shule na kuweka jiwe lenye majina yao.

#27 Mama Wawili
😂😂 Profesa hoja yako ina nguvu kuliko ushahidi wako.

Ila tukumbuke ukoo wa Fatima kwa masimulizi hayo ulitoka Kairouan. Jina lenyewe la msikiti ni la watu wa Kairouan waliohamia Fes. Ndiyo maana ninashangaa mama mji anafungua ua na mtoto anafunga mlango.

#28 Mwalimu wa Zamu
Profesa, jiwe la ufunguzi nimekubali linawezekana. Nimesema tu tusiape.

#29 Ngalawa ya Kilwa
Kuna jambo linatuhusu hapa, mmelipita. Bou Inania ilijengwa na Sultani Abu Inan wa Wamarini, ukoo uliotawala Morocco. Huyo huyo ndiye aliyeamuru msafiri Ibn Battuta asimulie safari zake, Ibn Juzayy akaziandika, ikakamilika 1355, Fes hapo hapo. Na Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa karibu 1331. Wa Mombasa akawaandika kuwa ni Shafi, wacha Mungu, na misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ufundi. Yeye mwenyewe alikuwa Maliki, lakini aliwasifu. Mgosi alisimama kwenye jengo la mtu aliyeagiza Kilwa iandikwe.

#30 Mwana wa Kuze
Mombasa kwanza, kisha Kilwa. Alilala kwetu usiku mmoja, yatosha.

#31 Ngalawa ya Kilwa
Alilala kwenu akaamkia safari, kwetu akauona mji akausifu kuwa ni katika miji mizuri. Tusifike huko.

#32 Kiberenge
Mgosi tupe habari za ngozi. Ulinunua mkoba?

#33 Mgosi wa Chumbageni
Ngoja nicheke. Kijana mmoja alitushika karibu na Talaa Kebira, akasema njia ya mbele imefungwa na eti leo ndiyo siku ya mwisho ya mnada wa watu wa milimani. Njia ikaishia kwenye duka la binamu yake, juu ya mashimo ya ngozi ya Chouara. Ukipanda unapewa tawi la mnanaa la kunusa. Mashimo meupe ni ya chokaa na kinyesi cha njiwa, humo ngozi inalainishwa, yale ya rangi yako pembeni, na wanaume wamesimama ndani mpaka mapajani. Mnanaa haukusaidia. Mkoba nilinunua, mama watoto kautundika nje kwenye kamba mpaka leo.

#34 Ukhti wa Magomeni
Njia haijafungwa hata siku moja. Hiyo waambieni wote wanaokwenda.

#35 Mtumishi wa Mungu
Mimi ni Mkristo, nauliza kwa heshima: kama ni amri ya Lyautey, uhuru ulipatikana 1956, mbona haikufutwa? Na kama si yake, mbona kila kitabu cha watalii kinamtaja yeye?

#36 Kamba ya Nanga
Kwa sababu vitabu vya watalii vinanakili vitabu vya watalii. Amri ilisaini kitu kilichokuwepo, mkoloni kaondoka, kitu kimebaki.

#37 Mwalimu wa Zamu
Au kwa sababu waliokuwa wakizuiwa enzi zile walikuwa Wafaransa. Mmorocco alikuwa hana uwezo wa kumzuia mkoloni mahali popote isipokuwa msikitini. Nani angeifuta siku ya uhuru?

#38 Mwana wa Kuze
Na fikihi iko pale pale.

#39 Jahazi la Mkunazini
Tena haijaganda kama mnavyodhani. Mji wa Moulay Idriss Zerhoun, karibu na magofu ya Volubilis, asiye Mwislamu alikuwa haruhusiwi kulala humo mpaka 2005. Leo nyumba za wageni zimejaa. Kaburi la Moulay Ismail pale Meknes na la Mohammed V Rabat wageni wanaingia. Wanafungua penye faida wanaacha pamefungwa palipo na waswalihina, yaani watu wa Mungu.

#40 Binti Matrah
Kaburi la mfalme ni la serikali. Msikiti wa mtaa ni wa watu wa mtaa. Ndiyo hoja yangu ya #16 hiyo.

#41 Bwana Harusi Mtarajiwa
Wakuu samahani kuingilia. Fungate ni mwezi wa nne, mimi Mkatoliki, mwenzangu Mwislamu. Morocco au Tunisia?

#42 Ukhti wa Magomeni
Hongereni. Fes ataingia yeye, wewe utashika viatu.

#43 Mama Wawili
Tunisia. Kairouan mnaingia uani wote wawili, El Jem kuna uwanja wa Kirumi uliokuwa unachukua watu kama 35,000 na mnapanda mpaka juu, Sidi Bou Said mnapiga picha zenu za bluu na nyeupe. Visa kila mmoja aulize ubalozini kwa pasipoti yake, msisikilize watu wa mitandaoni.

#44 Mwalimu wa Zamu
Morocco, kwa treni. Tangier mpaka Casablanca kuna treni ya kasi, imeanza 2018, na kati ya Tangier na Kenitra inafika kilomita 320 kwa saa. Fes inafikika kwa treni ya kawaida.

#45 Kiberenge
Mwalimu, mtu anakwenda fungate wewe unampa ratiba ya treni.

#46 Bwana Harusi Mtarajiwa
Nimemsomea mwenzangu uzi wote. Kasema Fes, ila mkoba wa ngozi hataki.